Kesho Usiite Boda Mpaka Mlangoni

Akinyi, mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kumuaga shangazi yako, nami namjua vizuri shangazi yako, hatakuachilia kabla hujala mara mbili. Kwa hiyo nina nafasi ya kuandika. Nimevuta meza hadi mlangoni nipate mwanga, na utaona nimeandika kwa herufi kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Usinicheke bado. Sababu yake utaijua kabla barua haijaisha.

Leo asubuhi tulipokuwa tunaanua nguo uliniuliza, "Mama, niambie ukweli, utakuwa sawa ukibaki peke yako?" Nikakujibu, "Niko sawa." Nilijibu kwa haraka, hata kibanio cha nguo kilikuwa bado mdomoni. Uliniangalia kidogo, kisha ukaendelea kukunja shuka. Wiki iliyopita ulikuwa umeniambia kwamba ukiona sijiwezi utawaomba wale watu wa kituo cha Mbita wampe mtu mwingine kazi uliyopata. Ndiyo maana nikajibu haraka. Lakini tangu asubuhi jibu lile limenikwama, kwa sababu ni jibu ninalolijua sana. Nimelipokea katika nyumba za watu miaka mingi, na kuna wakati nililiamini nikaharibu.

Sitakuambia uvae sweta wala utibu maji ya kunywa. Wewe ni mtu mzima, na hata ningekuambia ungesema "ndiyo Mama" halafu ufanye yako. Nataka kukuambia habari ya kuku mmoja wa Ahero, ambayo unaijua nusu tu. Baba yako alipenda kuisimulia ili kuchekesha wageni, na kila mara alikatiza pale pa kucheka. Iliyobaki sikuwahi kuimalizia.

Ulikuwa mdogo nilipoanza kazi kwenye kituo cha familia kule Ahero. Kazi yangu ndiyo hiyo unayokwenda kuifanya wewe. Nilikuwa natembelea nyumba kujua familia inakosa nini, kisha narudi kituoni kuangalia kama yale tunayotoa, mafundisho ya malezi, unga, karo ya watoto, mazungumzo na wazazi, yanamsaidia mtu yeyote au yanatufurahisha sisi wenyewe tu. Ilikuwa baada ya mafuriko, na unajua uwanda wetu wa Kano ukifurika. Watu walikuwa wamehamia kwenye shule na makanisa na kurudi nyumbani kukuta tope ndani ya sufuria.

Kituo kikapata pikipiki, na kijana wa kuiendesha aliyeitwa Onyango. Ee, nilijiona! Kabla ya hapo nilikuwa natembea kwa miguu kwenye ule udongo mweusi unaokushika viatu mpaka unaviacha. Sasa nikawa napelekwa hadi uani, injini inanguruma, kuku wanakimbia, watoto wanakuja mbio kuona. Nilifika nyumba nyingi kabla ya jua kuzama, na mkubwa wetu, Bwana Wafula, alinisifu mbele ya wenzangu. Nilipenda sana kusifiwa, Akinyi. Bado napenda, wewe mwenyewe unajua.

Siku moja tukaenda kwa mama mmoja mzee pembeni mwa mashamba ya mpunga. Aliitwa Dorka, nasi tulimwita Dani, kama unavyomwita nyanya yako. Alikuwa analea wajukuu, wazazi wao wamekufa, na mkubwa wao alikuwa msichana aitwaye Atieno, karibu kumaliza shule ya msingi. Dani alinipokea kwa mikono miwili. "Karibu nyathina, karibu mtoto wangu, kaa hapa, hapo kuna upepo." Akanikalisha kwenye kiti chenye kitambaa cheupe kilichofumwa. Nikatoa karatasi zangu.

"Dani, chakula kinapatikana hapa nyumbani?"

"Tunashukuru Mungu."

"Watoto wanaenda shule?"

"Wanasoma. Wanasoma tu vizuri."

"Kuna shida yoyote ungependa kituo kijue?"

"Hapana mtoto wangu. Tuko sawa."

Nikaandika. Na wakati naandika harufu ya kitunguu ikaingia kutoka jikoni, na baadaye kidogo Atieno akaleta wali na kuku. Kuku mzima, aliyepikwa kwa mchuzi mzito, na mimi nikapewa paja. Nilisali, nikala, nikashiba. Nilimsifu mpishi. Nikanawa, na mara Onyango akawasha pikipiki uani kwa sababu tulikuwa bado na nyumba nyingine za kufikia. Dani alikuwa ameingia chumbani. Alipotoka alikuwa na leso mkononi, anaifunga kiunoni.

"Ngoja nikusindikize," alisema.

"Usijisumbue Dani, si niko na pikipiki?"

Nikapanda. Nilipogeuka kumpungia mkono alikuwa bado amesimama pale uani, leso haijafungwa vizuri, na nakumbuka niliona tu mama mzee mwenye ukarimu. Hapa ndipo baba yako alipokuwa akikatiza, akisema, "Mama Akinyi alienda kupima njaa akarudi ameshiba!" na wageni wakacheka, na mimi nikacheka pamoja nao.

Sasa sikiliza iliyobaki. Niliandika kwamba familia ile ina chakula cha kutosha na watoto wako shuleni. Na mimi nilikuwa nimekiona chakula chenyewe kwa macho yangu, nimekitia mdomoni! Kwa neno langu hilo wakatolewa kwenye nyumba za kupewa unga, na jina la Atieno halikupelekwa kwa wale waliokuwa wanalipiwa karo. Hakuna aliyelalamika. Nikasahau.

Mvua zikarudi. Pikipiki ikazama kwenye tope mpaka Onyango akakataa kabisa kuisukuma, na mimi ikabidi nitembee kutoka nyumba niliyokuwa nimeitembelea hadi barabara kubwa. Njia ilipita kwa Dani. Akaniona, akaniita, na hakuniuliza kama nataka kusindikizwa. Alichukua leso, akachukua fimbo yake, tukaanza kutembea kando ya mfereji wa maji ya mpunga.

"Leo Mungu amekupatia miguu," alisema.

Nilicheka. Nikamuuliza, "Atieno hajambo?"

"Atieno yuko. Anafukuza ndege kwa mpunga ya watu. Shule aliwacha."

Nikasimama. "Lakini Dani, uliniambia watoto wanasoma."

"Si wale wadogo walikuwa wanasoma? Atieno alikuwa jikoni anakupikia. Wewe hukuuliza mbona mtoto ako nyumbani siku ya shule."

"Na ule wali? Na kuku?"

"Kuku ilikuwa imelalia mayai. Tukaitoa."

Aliyasema haya bila hasira hata kidogo. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia nilipomuuliza waziwazi nyumbani kwake, na akaniangalia kana kwamba mimi ndiye mtoto wa kufukuza ndege.

"Mgeni ako kwa meza, mkono iko kwa sahani, halafu mimi nimwambie hii nyumba haina kitu? Atameza aje? Hiyo maneno nilitaka kukuambia tukiwa kwa njia. Nilichukua leso. Wewe ukapanda pikipiki ukaenda."

Mwanangu, kama ningekuwa mtu aliyetoka mbali kuja kufanya kazi Kano ningejisamehe haraka. Lakini mimi nilizaliwa huko huko. Tangu utotoni nimemwona mama yangu akiwasindikiza wageni, na mara nyingi nilitumwa nimrudishe kwa sababu walikuwa wamesimama njiani muda mrefu kuliko ule waliokaa ndani. Nilijua kwamba ndani ya nyumba mgeni huambiwa mazuri, analishwa, anaombewa, na yale mengine yanangoja mpaka wote wametoka, wanatembea bega kwa bega, hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Nilijua, na bado nikapanda pikipiki. Nilikuwa nataka kumaliza nyumba zangu.

Nililia njia nzima hadi barabarani. Dani alinisindikiza mpaka kwenye lami, halafu akanipangusa uso kwa ile leso yake, akaniambia nisifanye hivyo, watu watafikiri amenipiga.

Siku iliyofuata nikaenda kwa Bwana Wafula nikamwambia nataka kurudia nyumba zote nilizozitembelea kwa pikipiki. Alishika kichwa.

"Mama Akinyi, wafadhili wametununulia pikipiki ndio tufikie watu wengi, na wewe unaniambia unataka kutembea?"

"Kwenda nitaenda na pikipiki. Kurudi nitembee."

"Na ripoti nimeshapeleka. Niwaambie nini?"

"Waambie mimi nilikosea."

Alikuwa mtu mwema, yeye alitoka upande wa Bungoma, na nafikiri na kwao wanasindikizana, kwa sababu mwishowe aliniuliza tu kama nina viatu vya mvua. Tukarudia. Onyango alikuwa anatangulia na kuningoja barabarani, anasinzia juu ya pikipiki, na mimi nakuja nyuma polepole na mwenye nyumba. Nilisikia mambo ambayo hayakuwa kwenye maswali yetu. Mama mmoja hakuwa na haja ya unga, alitaka mtu wa kuzungumza na mumewe. Mwingine alikuwa na chakula lakini mtoto wake haongei, na alikuwa anamficha. Nyumba nyingine, nikuambie ukweli wote, zilikuwa sawa kweli kama zilivyosema, na njiani tuliongea habari za kanisa tu.

Familia ya Dani ilirudishiwa unga, na Atieno akatafutiwa karo. Lakini Atieno hakurudi. Alikuwa ameshazoea kupata chake, na aliona aibu kukaa na watoto wadogo kuliko yeye. Sasa anauza samaki Ahero, ana watoto wake. Nikipita ananiita "auntie" na kunichagulia samaki mzuri, na kila mara nikiwa napokea huyo samaki najisikia vibaya. Dani alimsamehe kila mtu kabla ya kufa. Mimi sijui kama Atieno anajua kuna kitu cha kunisamehe.

Nimekuandikia haya kwa sababu huko Mbita watakupa maswali yaliyoandikwa vizuri na watakuambia ufikie nyumba nyingi. Uliza maswali hayo, si mabaya. Halafu upate njia ya kusindikizwa. Utapikiwa samaki, utapikiwa ugali wa mtama, kula, usiwaaibishe watu kwa kukataa. Lakini kumbuka kuuliza jikoni kuna nani.

Na kuhusu kituo chenyewe, pale watakapokuuliza kama huduma ni nzuri, nikukumbushe mambo ya baba yako. Unakumbuka alikuwa anahudhuria yale mafundisho yetu ya akina baba? Kila Ijumaa alikuwa pale, mbele kabisa, anapiga makofi. Mwisho wa mwaka tuliwauliza wanaume wale kama mafundisho yamewasaidia, na wote wakasema yamewabadilisha sana. Nilifurahi! Nikaja nyumbani nikamwambia baba yako kwamba darasa lake limefaulu kuliko yote. Alikuwa anakula. Akaweka tonge chini.

"Mwalimu ni mzuri," alisema. "Chai ni nzuri pia. Lakini wewe, mwanamke huyu, hujaona ni msimu wa mvua? Tunangoja mvua ikatike."

Nilikasirika nikamnyima supu. Baadaye nikamuuliza, basi mngetaka kufundishwa nini? Hapo ndipo alipotoa maneno, na yalikuwa mengi, na la kwanza lilikuwa kwamba hajui namna ya kuongea na binti yake anapokuwa mkubwa. Ni wewe alikuwa anakusema. Tulimpelekea mwalimu maneno hayo bila kumtaja mtu, na jua lilipowaka wanaume waliendelea kuja. Siku ile aliporudi nyumbani akakuuliza habari za marafiki zako na wewe ukashangaa Baba amekula nini, sasa unajua.

Watu hawatamsema vibaya mwenye nyumba ndani ya nyumba yake, na kituo ni nyumba ya mtu. Wewe kaa kwenye bomba la maji wanapochota, rudi nao njia ile ile. Angalia ni nani amekuja wakati wa kupanda, wakati ambapo kuja kunamgharimu. Mimi nilichelewa kujifunza hilo, na pia wakati mwingine nililijua nikaona uvivu. Utaona uvivu na wewe. Siku hiyo usijichukie, kesho yake tembea.

Sasa nije kwetu.

Unakumbuka ulipokuwa darasa la saba, alama zako zikashuka? Kila jioni nilikuuliza, "Shule ilikuwaje?" na ulisema, "Sawa." Mimi, mtaalamu wa kuuliza watu! Halafu Jumapili moja tukamsindikiza shangazi yako hadi barabarani, na tukiwa tunarudi wawili, ukaanza kupiga teke kijiwe. Ulikipiga kutoka kanisani hadi kwa fundi wa baiskeli. Hapo ukaniambia huoni ubaoni, kwamba umekuwa ukinakili kutoka kwenye daftari la rafiki yako tangu muhula uanze, na kwamba hukutaka kunisumbua kwa sababu Baba alikuwa mgonjwa. Nilikugombeza. Nilikugombeza barabarani watu wakisikia, kwa nini unanificha, mimi ni nani wako. Ulilia. Kesho yake tukaenda kupima miwani.

Ningependa kuirudisha ile njia. Ningekushika tu mkono.

Kwa sababu sasa ni mimi, Akinyi. Herufi hizi ni kubwa kwa sababu nisipoziandika hivi sizioni. Jicho la kulia lina mtoto wa jicho, na la kushoto limeanza. Nilienda hospitali kisirisiri wakati ulipokuwa kwenye mahojiano ya kazi, Mama Brayo wa hapa jirani alinipeleka. Wamesema linatibika, ni upasuaji wa kawaida, nitafanyiwa mwezi ujao. Wanataka mtu wa kuja na mimi, kukaa, na kunirudisha nyumbani jicho likiwa limefungwa. Nilimwambia daktari kwamba Mama Brayo atakuja. Nilimwambia Mama Brayo asikuambie neno. Kila ulipoona nimetia chumvi mara mbili kwenye mboga nilikuwa nakuambia nimezeeka, nawe ukacheka, na nikafurahi kwamba umecheka.

Ndiyo hali yenyewe. Na kwa kuwa nimefanya kazi hii muda mrefu, wacha niipime familia yangu vizuri angalau mara moja. Chakula kipo. Nyumba haivuji. Mama hana upweke mchana, ana kanisa na ana majirani wenye midomo. Jioni anaogopa kidogo, kwa sababu taa zinamchoma na hawezi kumtambua mtu aliyesimama mlangoni mpaka aongee. Anamhitaji binti yake aende Mbita akafanye kazi aliyoisomea, hilo si la kuheshimu wageni, ni kweli kabisa, ukibaki kwa ajili yangu nitaugua ugonjwa mwingine. Na siku ya upasuaji hamtaki Mama Brayo. Anamtaka binti yake. Omba ruhusa. Kama watakataa, nitaenda na Mama Brayo na nitamshukuru. Lakini omba.

Ona jinsi ilivyo vigumu kuandika sentensi hiyo moja. Nimesimama mara mbili kwenda kuangalia sufuria ambayo haina kitu. Kumbuka hili utakapokuwa umekaa kwenye kiti cha kitambaa cheupe nyumbani kwa mtu.

Nitaiweka barua hii juu ya sanduku lako uisome kabla hujalala. Usije chumbani kwangu ukiwa umeisoma. Nitakuwa nimelala, au nitajifanya nimelala. Nakujua, utakuja na macho mekundu, nami nitakuambia tena niko sawa, kwa sababu utakuwa ndani ya nyumba yangu usiku wa kuondoka na mimi ndiye mwenye kukukirimu.

Lakini kesho usiite boda mpaka mlangoni. Sanduku atalipeleka kijana wa Mama Brayo kwa mkokoteni, atangulie. Mimi na wewe tutembee mpaka barabara kubwa, magari ya kwenda huko yanapita hapo mengi, hutachelewa. Nitafunga leso. Tukishampita fundi wa baiskeli, kabla ya kufika kanisani, uniulize tena lile swali la leo asubuhi. Nitakushika mkono, kwanza kwa sababu nakupenda, na pili kwa sababu pale pana mtaro na siuoni vizuri.

Mama